Huyu wa Tarumbeta Anapumua Saa Ngapi? Mwongozo kamili wa kuokoa okestra ya kompyuta

Binamu yangu alipokuwa anaoa hapa Moshi, familia ilinipa kazi moja: wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini. Walichagua wimbo wa dansi wa miaka ya 1970, ule ambao wazazi wa bibi harusi waliucheza ujanani, ila safari hii upigwe na okestra nzima. Okestra nzima yangu ni laptopu moja, kinanda kidogo cha MIDI (chenyewe hakitoi sauti, kinatuma noti kwenye kompyuta) na hedifoni zilizofungwa kwa utepe. Nikakesha usiku kadhaa, nikajaza treki 34, nikajiona nimemaliza.

Siku chache kabla ya harusi nikampelekea mzee mmoja anayepiga tarumbeta usharikani kwetu. Akavaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa, akazivua taratibu.

"Mwanangu, huyu wa tarumbeta anapumua saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Tarumbeta langu lilikuwa limeshikilia sauti baa nane mfululizo, yaani mafungu nane ya mapigo manne-manne. Kwa mwendo wa mapigo 108 kwa dakika, hizo ni karibu sekunde 18 za kupuliza kwa nguvu zote bila kuvuta hewa. Nikarudi nyumbani nikaanza upya. Haya hapa chini ndiyo niliyofanya, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye. Nachukulia kwamba wimbo wako tayari upo ndani ya programu ya kutengenezea muziki, noti zimeingia, lakini ukiusikiliza unanuka plastiki.

Kabla hujagusa kitu

Hifadhi mradi kwa jina jipya, kisha utoe wimbo ulivyo na uuweke kwenye simu. Ondoka kwenye skrini. Macho yakiona vile vimstari vya rangi, masikio hulegea. Mimi hutembea kutoka Rau hadi mjini nikiusikiliza, halafu nautia kwenye spika ya simu, na nikimpata dereva wa bajaji mwenye roho nzuri nauomba upigwe kwenye spika zake. Andika kasoro kwa dakika na sekunde. "Sauti mbaya" haikusaidii kitu. Andika "1:12, fidla zinaingia kama mtu kapiga teke mlango" au "2:05, sijui nani anaimba".

Tafuta pia rekodi ya okestra ya kweli, yoyote unayoipenda, uisikilize sambamba na yako. Zilinganishe ukubwa wa sauti kwanza, maana sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho bora.

Punguza watu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi tunaparuka kwenda kununua plagini, yaani programu ndogo za kuongeza sauti. Okestra nyingi za kompyuta hazifi kwa sababu ya sauti duni. Zinakufa kwa sababu kila ala inapiga muda wote, na kwa sababu nyuzi zimepigwa kwa vidole kumi kama vile ni kinanda cha kanisani.

Mwalimu wa kwaya anaijua dawa hii tayari. Nyuzi ni kwaya. Fidla ya kwanza ni soprano, fidla ya pili ni alto, viola ni sauti ya tena, selo ni besi, na kontrabesi humfuata selo oktavu moja chini. Basi futa ile treki moja iliyoandikwa "nyuzi", fungua treki tano, na kila treki iimbe mstari wake mmoja tu.

Tuchukue mzunguko ambao nyimbo nyingi za dansi zimejengwa juu yake: kodi ya kwanza, ya nne, ya tano, kurudi ya kwanza. (Kodi za muziki, yaani noti zinazopigwa pamoja, si zile za mapato.) Kwa solfa, besi inakwenda d, f, s, d. Juu yake viola ishike s, ipande l, irudi s, ibaki s. Fidla ya pili ishike d ya juu, ibaki hapohapo kodi inapobadilika, ishuke t, irudi d. Fidla ya kwanza ianze m ya juu, ipande f, iruke chini hadi r, irudi m. Angalia jinsi hakuna anayekimbia: mwenye noti ya pamoja anaishikilia, wengine wanasogea jirani. Besi inapopanda kutoka f kwenda s, watatu wa juu wote wanashuka, na hapo kila sauti inasikika kivyake. Ukiburuta kodi nzima juu na chini kwa kipanya, utapata kinanda cha bei rahisi.

Jambo lingine la nafasi: chini acha uwazi, juu bananisha. Ukiweka d na m karibu-karibu kwenye selo na kontrabesi, utapata uji. Chini kabisa weka d na oktavu yake, labda s, basi.

Sasa magitaa. Wimbo wa dansi umesimama juu ya magitaa yanayojibizana, na kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa fidla zile noti za haraka za gitaa la solo. Zilisikika kama cherehani. Kilichofaa ni kuugawa mchezo wenyewe: nusu ya kwanza ya mzunguko nikampa klarineti, nusu ya pili filimbi, na viola zikadonoa nyuzi kwa vidole chini yao. Gitaa la ridhimu likawa noti fupi za fidla ya pili kwenye mapigo ya nyuma. Gitaa la besi likaenda kwa selo wa kudonoa, kontrabesi akiunga mkono pigo la kwanza peke yake. Ngoma za kizungu nilizitoa zote, nikabakiza kayamba. Wapo wanaopenda kuweka biti chini ya okestra. Mimi naona ni kumvika bwana harusi suti na ndala.

Halafu panga nani anaingia lini. Beti la kwanza mwache obo, ala ya kupuliza, peke yake abebe sauti ya mwimbaji, nyuzi zikiwa chini sana. Kiitikio cha kwanza fidla za kwanza. Beti la pili selo, maana selo akipanda juu kidogo anakaribia sauti ya mwanamume anayeimba kwa hisia. Tarumbeta na tromboni wasubiri kiitikio cha mwisho. Kwenye harusi ya Kichaga ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, haitangulii wageni kuketi.

Kila ala na mpaka wake

Kompyuta haitakukataza kumpa fidla noti ambayo haina. Jihadhari pia na majina: FL Studio huiita C ya katikati C5, programu nyingine C4, nyingine C3. Ndiyo maana nafuata namba za MIDI, ambako C hiyo ni 60 popote uendapo. Fidla haishuki chini ya 55. Viola inaishia 48, selo 36, kontrabesi ya kawaida 28. Filimbi ya kawaida inaanzia 60, lakini noti zake za chini ni dhaifu, yeyote akipiga juu yake anamfunika. Tarumbeta la B bemoli linashuka hadi 52, tromboni ya tena hadi 40.

Mipaka ya juu haina ukuta, ina gharama. Mpuliza tarumbeta anayekaa juu muda mrefu midomo inachoka, na msikilizaji, hata asiyejua muziki, anahisi kuna uongo.

Pumzi

Hatua hii huchukua muda kuliko zote, na ndiyo iliyobadilisha wimbo wangu.

Anza kwa mdomo. Zima kompyuta, imba mstari wa kila ala kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, hata wa viola. Ukiishiwa pumzi mahali, weka alama. Ukichoka kuuimba kwa sababu hauna maana, mstari huo haujaandikwa bado. Kwa wapulizaji, kata noti ya mwisho ya kila sentensi mapema kidogo, nusu ya pigo hivi, ili hewa iingie. Kwa nyuzi pumzi ni upinde: upinde una urefu, na ukipiga kwa nguvu unaisha ndani ya sekunde chache tu. Kikundi kizima kikigeuza upinde kuna kushuka kidogo kwa sauti. Mshuko huo uuweke.

Baada ya hapo ndipo unashika CC1, mojawapo ya amri za MIDI za kuongoza sauti. Kwenye maktaba nyingi za okestra (mikusanyo ya rekodi za ala za kweli, noti kwa noti), lile gurudumu la kinanda linalotuma CC1 haliongezi ukubwa wa sauti peke yake. Linabadilisha rekodi yenyewe, kutoka ya mtu anayepiga kwa sauti ndogo hadi ya mtu anayepiga kwa nguvu, kwa hiyo rangi ya sauti nayo inabadilika. CC11 hupandisha na kushusha sauti bila kubadilisha rangi. CC7 iache kwa ajili ya kuweka mizani ya treki. Maktaba hazifanani, kwa hiyo shikilia noti moja ndefu, sogeza kila kimoja, usikilize kinafanya nini kabla hujaanza kuchora.

Namba zote hizi zinakwenda 0 hadi 127. Mstari ulionyooka kwenye 90 ni mfu. Sentensi ya kawaida kwangu huanzia 45 hivi, inapanda hadi 80 kwenye silabi ile ambayo mwimbaji angeikazia, inashuka hadi 50 mwishoni. Juu ya 110 sifiki mpaka kiitikio cha mwisho. Noti ndefu isikae palepale hata sekunde mbili: ama inakwenda mahali ama inarudi.

Usichore kwa kipanya kama una gurudumu. Piga wimbo, imba kimoyomoyo, mkono ufuate. Ukikosea rudia. Na kila ala ichorwe kivyake. Ukinakili mchoro wa fidla ya kwanza ukaubandika kwa viola na selo, wote watavimba na kunywea kwa sekunde ileile kama puto moja.

Hapa nitoe onyo la nyumbani. Nilishachora dakika arobaini nzima bila kuhifadhi, mvua ikaanza, umeme ukakatika, na betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa zamani. Weka programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika tano.

Noti fupi na namna ya kupiga

Kwa noti fupi, CC1 mara nyingi haihusiki. Kinachotawala ni velositi, yaani nguvu ya kubonyeza. Noti nane zenye velositi 100 kila moja zinasikika kama bunduki ya rashasha. Zipe mkazo wa muziki: ya kwanza 95, zinazofuata kati ya 60 na 75, ile ya pigo la nyuma 85. Maktaba nzuri huwa na rekodi kadhaa za noti ileile zinazopokezana, na hilo nalo husaidia.

Na usitumie "ndefu" kwa kila kitu. Noti zinazoungana ni legato, za kukatwa ni stakato, za kudonoa ni pizikato, za kutetemeka ni tremolo. Pitia mstari noti kwa noti ujiulize mkono wa mpigaji unafanya nini.

Saa

Ukinyoosha noti zote kwenye gridi, ile mistari ya mapigo kwenye skrini, kwa asilimia mia, mambo mawili yanatokea. La kwanza kila mtu analijua: inasikika mashine. La pili ni gumu kuliona: rekodi za noti ndefu zina mwanzo wa polepole, kwa hiyo noti iliyo sawasawa kwenye gridi inasikika imechelewa. Jaribu hivi. Weka noti moja kwenye kila pigo, washa metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo), usikilize. Kisha rudisha treki nyuma milisekunde 20, 50, 80 na kuendelea, mpaka noti na metronomu vikae pamoja. Kila treki ina namba yake. Pizikato inaweza isihitaji chochote huku legato ikahitaji zaidi ya 100.

Kitufe cha kubahatisha nafasi za noti usikiamini sana. Watu hawakosei kwa bahati nasibu, wanaegemea pamoja. Wakielekea kileleni wote wanaharakisha kidogo, wakimaliza sentensi wote wanatulia. Kwa hiyo badilisha mwendo wa wimbo wenyewe: beti 106, kiitikio 109, baa mbili za mwisho zishuke taratibu. Ila kwa wimbo wa kuingilia usizidishe. Maharusi na wasimamizi wanaingia kwa kucheza hatua, na ukibadilisha mwendo sana utawaona wanatazamana.

Chumba

Okestra inakaa chumba kimoja. Ukiwa na fidla kutoka maktaba hii na tarumbeta kutoka ile, moja imerekodiwa kwenye ukumbi mkubwa na nyingine kwenye studio kavu, sikio linajua kwamba watu hawa hawajawahi kuonana. Sikiliza kila treki peke yake: ina mwangwi wake tayari? Ile kavu ndiyo ipelekwe zaidi kwenye mwangwi wa pamoja, ile yenye mwangwi tayari iguswe kidogo tu. Mwangwi uwe mmoja kwa wote, wa ukumbi, mkia wa sekunde 2 hivi, ambao ni karibu na kumbi za okestra za kweli. Tarumbeta, tromboni na timpani (ngoma kubwa za okestra) hukaa nyuma, kwa hiyo wapate mwangwi mwingi kuliko nyuzi. Kata masafa yaliyo chini ya hertzi 200 ndani ya mwangwi wenyewe, la sivyo kontrabesi atageuka ngurumo.

Mpangilio wa kawaida ukitazama kutoka kwa wasikilizaji: fidla za kwanza kushoto, za pili kando yao kuelekea katikati, viola zikielekea kulia, selo kulia, kontrabesi nyuma yao. Filimbi na wenzake katikati. Maktaba nyingi zimerekodiwa watu wakiwa kwenye viti hivyo tayari, kwa hiyo angalia kabla hujamsogeza mtu mara ya pili.

Miksi

Ukifanya ya juu vizuri, hapa pana kazi ndogo. Panga ukubwa wa treki kwanza bila ekwalaiza, yaani kabla ya kupunguza au kuongeza masafa. Kisha kama kuna ukungu, punguza kidogo kati ya hertzi 250 na 400 kwa zile treki zinazobanana hapo. Kama fidla zinakwaruza, toa desibeli 2 au 3 kati ya 2,500 na 4,000. Kompresa nzito, ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, usiiweke: umetoka kuhangaika na CC1 kutengeneza kupanda na kushuka, sasa usivipige pasi. Kwa YouTube na Spotify, LUFS −14 (kipimo cha ukubwa wa sauti wa wimbo mzima) inatosha, na kilele kisizidi desibeli −1.

Mtu mmoja wa kweli

Kama una nafasi ya kutumia pesa mahali pamoja tu, usinunue maktaba. Mlipe mpigaji. Sauti moja ya kweli juu ya zile za kompyuta inadanganya sikio kuhusu zote.

Na sisi wa huku hatuna kisingizio. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na ile desturi ya Kijerumani ya vikundi vya matarumbeta kanisani bado iko sharikani mlimani. Kuna watu wanapiga sauti nne kila Jumapili na kusindikiza maharusi Jumamosi. Mzee wangu alikubali.

Nilipompelekea karatasi nilikosea tena. Wimbo uko kii ya G, nikamwandikia G. Lakini tarumbeta la B bemoli hutoa sauti toni moja chini ya kilichoandikwa, kwa hiyo karatasi yake ilitakiwa iwe ya A. Kwa mpigaji anayesoma solfa tabu hiyo inapungua, maana d inahama na kii; mwambie tu d yake iko wapi.

Tulirekodi chumbani kwangu, magodoro mawili ukutani na blanketi zito dirishani. Maikrofoni iwe umbali wa mita moja na nusu hivi kutoka kwenye tarumbeta, pembeni kidogo ya mdomo wake, isiutazame moja kwa moja. Kwa fidla, juu yake, kama mita moja. Chagua saa: asubuhi kuna majogoo, jioni kuna bodaboda, na mvua ikigonga bati hakuna plagini ya kukuokoa. Sisi tulipata dirisha la saa tatu hadi saa tano usiku. Mrekodi mara tatu au nne mfululizo bila kumkatiza, kisha uchague. Za kompyuta zishushe chini yake, zibaki kama kivuli. Nauli na soda si malipo.

Kutoa faili

Kama wimbo ni wa mtu mwingine na unataka kuutoa hadharani, mpangilio mpya unahitaji ruhusa ya mwenye haki, anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Fanya hivyo kabla hujapakia, si baada ya kufutiwa.

Kwa ukumbini toa nakala ya pili yenye mwangwi nusu ya ule wa kwanza. Kumbi nyingi za harusi zina vigae chini na bati juu, zina mwangwi wake wa kutosha na hazihitaji wako. Weka WAV na MP3 kwenye flashi mbili tofauti, moja ikae mfukoni mwako. Fika mapema, kabla wapambaji hawajamaliza, umwombe DJ aupige wimbo mwanzo hadi mwisho. Atakuwa ameongeza besi na treble kwenye mashine yake kwa ajili ya muziki wa kucheza. Mwombe kwa adabu arudishe katikati kwa dakika hizo nne, na umwonyeshe kwa kidole ni wapi obo anaanza peke yake, asije akadhani sauti imekatika akaanza kupandisha.